Ni damu au ni moshi?

Swali la msomaji: “Daktari, nina miaka 34, naishi Katuba hapa Lubumbashi. Mama yangu alikufa kwa kansa ya ziwa akiwa na miaka 41. Mama mdogo anayekaa Likasi amepasuliwa mwaka huu, wakasema ni kansa ya mfuko wa mayai. Tulikulia karibu na bomba la moshi la Gécamines, na kwenye barabara yetu ya zamani wanawake wanne wamekwisha kupata kansa. Mume wangu anasema ni moshi. Ndugu za baba wanasema ni bulozi. Dada yangu anasema ni feza tunazoweka ndani ya sutie. Mimi naogopa ni damu. Nina binti wawili, wa miaka 12 na 9. Wapimwe?”

Mama, pole. Mama yako aliondoka akiwa bado kijana, na sasa mama mdogo yuko kitandani; si ajabu usingizi umekukimbia. Kila mtu nyumbani kwenu ameshika jibu lake, na la mume wako ndilo utakalolisikia zaidi katika mji huu. Kiwanda kile kilianza kuyeyusha shaba mwaka 1911, na tangu hapo kila ugonjwa usioeleweka hupelekwa mlangoni pake. Hata hivyo, kwa familia yako mimi ningetazama damu kwanza.

Sababu ni mambo mawili uliyoyaandika kama vile yamepita tu. La kwanza ni ile miaka 41. La pili ni kansa ya ziwa na kansa ya mfuko wa mayai kukutana upande mmoja wa ukoo. Mwanamke wa miaka 65 akipata kansa ya ziwa, mara nyingi hakuna cha kutafuta kwenye ukoo wake. Mwaka 2001 zilijumlishwa tafiti 52 za nchi mbalimbali, ikaonekana kwamba katika kila wanawake tisa wenye kansa ya ziwa, wanane hawana mama, dada wala binti aliyewahi kuiugua. Lakini ziwa katika umri mdogo, na mfuko wa mayai karibu yake, hapo daktari wa jeni huacha kuandika na kuanza kuuliza upya.

Jeni zinazohusika zaidi zinaitwa BRCA1 na BRCA2. Mwaka 1990 mtafiti wa Marekani, Mary-Claire King, alionyesha kwamba kwenye kromosomu ya 17 kuna jeni inayopitisha kansa ya ziwa ndani ya familia, wakati wenzake wengi hawakuamini kwamba ugonjwa wa namna hiyo waweza kufuata jeni moja. BRCA1 ilipatikana yenyewe mwaka 1994, BRCA2 mwaka uliofuata.

Watu husema “jeni ya kansa” kana kwamba ni mbegu ya ugonjwa iliyofukiwa mwilini. Sivyo. BRCA ni kwado. Unamjua kwado wa kando ya barabara, na karai lake la maji na gundi yake, anaziba mipira iliyotobolewa na misumari. Ndani ya kila seli, nyuzi zinazobeba urithi wetu hukatika mara kwa mara, na BRCA ni miongoni mwa mafundi wanaoziunganisha. Kila mtu huzaliwa na makwado wawili, mmoja kutoka kwa baba, mmoja kutoka kwa mama. Anayerithi mmoja aliye mbovu haumwi siku hiyo, maana wa pili anafanya kazi. Shida huanza pale wa pili naye anapoharibika ndani ya seli moja tu ya ziwa au ya mfuko wa mayai. Toka hapo matundu hayazibwi, na gari linaendelea kukimbia.

Na misumari je? Misumari ndiyo mazingira: mionzi, pombe, homoni, moshi, umri wenyewe. Kwa hiyo wewe na mume wako mnabishana juu ya gari moja, yeye akitazama barabara na wewe ukitazama kwado.

Ukubwa wa hatari umepimwa. Wanawake karibu 10,000 wenye jeni hizi zikiwa mbovu, wengi wao wa Ulaya, walifuatiliwa kwa miaka. Hadi kufikia umri wa miaka 80, wenye BRCA1 mbovu 72 kati ya 100 hupata kansa ya ziwa, na 44 ya mfuko wa mayai. Kwa BRCA2 ni 69 na 17. Usidhani ni habari ya wazungu. Mwaka 2018 Olufunmilayo Olopade, Mnigeria anayefundisha Chuo Kikuu cha Chicago, pamoja na wenzake wa Nigeria, walichapisha matokeo ya wanawake 1,136 wa Nigeria wenye kansa ya ziwa: karibu 15 katika kila 100 walibeba kasoro ya kurithi, BRCA1 ikiongoza kwa 7, BRCA2 ikifuata kwa 4. Vitabu vingi tulivyosomea vilituambia kansa ya ziwa ya kurithi ni 5 hadi 10 kwa 100.

Sasa chukua karatasi. Kabla ya kipimo chochote, chora ukoo wako: babu na bibi wa pande zote mbili, watoto wao, wajukuu. Andika nani aliugua nini na akiwa na umri gani. Kazi hii haina gharama na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu sisi tuna wingi wa mama. Dada ya mama ni mama, binti wa shangazi ya mama ni mama, jirani aliyekulea naye ni mama. Ni utajiri, lakini jeni haisalimii kwa heshima. Dada wa tumbo moja na mama yako anachangia naye nusu ya jeni. Binamu yake, ambaye nawe unamwita mama mdogo vilevile, anachangia naye moja ya nane tu. Kwa hiyo kila jina uliulizie lile swali la kwetu: baba moya, mama moya?

Magonjwa nayo hufichwa na majina. Bibi aliyekufa kwa “tumbo kujaa maji” pengine alikuwa na kansa ya mfuko wa mayai. Aliyeishiwa damu baada ya kuacha kuona siku zake, labda ni mfuko wa uzazi, au mlango wake. Usiandike jina la ugonjwa kwa kukisia. Andika alichoonekana nacho, daktari atafasiri.

Na upande wa baba usiuache nje. Mluba wa Katanga anahesabu ukoo kwa baba, Mubemba na Mulamba wanahesabu kwa mama. BRCA haifuati mila ya yeyote kati yao. Mwanamume anayeibeba huipitisha kwa nusu ya watoto wake sawasawa na mwanamke, na mwenyewe huenda asiugue kamwe, au akaugua tezi dume, mara chache ziwa. Nimeona karatasi nzuri za ukoo zilizokosa nusu nzima kwa sababu mtu alijiambia kwamba ugonjwa wa wanawake hauwezi kupita kwa baba.

Baada ya karatasi, kipimo. Hapa ndipo watu hukosea, na kosa lenyewe ni la haraka: anayeogopa hukimbilia kujipima yeye. Asiyeugua akipimwa kwanza na wasione kitu, hajui bado kama familia haina kasoro, au ipo na yeye hakuirithi, au ipo kwenye jeni ambayo haikutazamwa. Anayepaswa kutoa damu wa kwanza ni yule aliyeugua na bado yu hai. Kwenu ni mama mdogo. Ikionekana kwake kasoro fulani, wewe utatafutiwa hiyo hiyo moja, na jibu lako litakuwa ndiyo au hapana safi, tena kwa bei ndogo zaidi. Sampuli ya damu au mate husafiri. Muulize daktari wake jinsi ya kuituma, Afrika Kusini kwa mfano. Lisemeeni mapema, kwa upole, bila kumfanya ajione kama chupa ya maabara. Jibu hilo lina faida kwake pia, kwa sababu kansa ya mfuko wa mayai yenye BRCA ina dawa zake.

Jiandae kwa jibu la tatu, lile la katikati: “kuna badiliko, maana yake haijulikani.” Waafrika hulipata mara nyingi zaidi kuliko Wazungu. Damu yetu haina ubovu zaidi, ila hazina za jeni duniani zilijazwa kwa watu wa asili ya Ulaya, na mabadiliko mengi ya kawaida kwetu hayajawahi kuonekana kule. Jibu hilo si la kukatwa ziwa. Ni la kuweka kwenye bahasha na kuuliza tena baada ya miaka michache.

Nije kwenye moshi, maana mume wako hajakosea kuuliza.

Ushahidi kwamba mazingira yana nguvu ni mkubwa. Watafiti wa Sweden, Denmark na Finland walifuatilia jozi 44,788 za mapacha, wakachapisha mwaka 2000. Fikiria Kyungu na Kabange wanaofanana kiasi kwamba hata mama anawachanganya: jeni zao ni zilezile. Ukilinganisha ni mara ngapi mapacha wa namna hiyo wanaugua wote wawili na ni mara ngapi wanaugua mapacha wasiofanana, unapata fungu la urithi. Kwa kansa ya ziwa lilitoka kama 27 kwa 100. Kilichobaki ni maisha, mazingira na bahati. Wanawake wa Kijapani waliohamia Marekani wanasema hilohilo: nyumbani kwao kansa ya ziwa ilikuwa ya nadra, lakini wajukuu waliozaliwa ugenini waliwakaribia Wamarekani. Damu haigeuki katika vizazi viwili. Kilichogeuka ni umri wa kuvunja ungo, idadi ya watoto, muda wa kunyonyesha, uzito, glasi ya jioni. Kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya kansa ya ziwa kwa kama 4 kwa 100, na kila uzazi kwa 7. Pombe huiongeza: gramu 10 kwa siku huongeza kama 7 kwa 100, na chupa moja kubwa ya bia ya kwetu ina karibu gramu 28. Piga hesabu mwenyewe kwa anayekunywa moja kila jioni. Lutuku, pombe kali ya kienyeji, sina haja ya kuihesabu.

Kuna msumari mwingine ambao dunia iliujua kwa gharama ya wengine na kwa jiwe la kwetu. Urani ya Shinkolobwe, huko karibu na Likasi anakokaa mama mdogo, ndiyo iliyoingia kwa wingi kwenye bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Walionusurika huko na Nagasaki wamefuatiliwa tangu 1950, pamoja na wenzao wa kulinganisha watu kama 120,000. Kansa ya ziwa iliongezeka kadiri mtu alivyopokea mionzi mingi, na walioathirika zaidi ni waliokuwa wasichana chini ya miaka 20. Toka hapo tunajua kwamba ziwa linalokua ni laini mbele ya mionzi. Ndiyo maana mwanamke kijana mwenye BRCA haanzi na mamografi, ile picha ya ziwa ya eksirei, anaanza na IRM, picha ya sumaku isiyotumia mionzi, kuanzia miaka 25, na mamografi huongezwa akifika 30. Kuishi karibu na mgodi wa urani si sawa na kusimama chini ya bomu. Huko kinachoogopwa zaidi ni gesi ya radoni na vumbi, na kiungo cha kwanza kulipa ni pafu.

Na metali? Mwaka 2009 profesa Célestin Banza wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Louvain huko Ubelgiji, walichapisha vipimo vya mkojo wa watu 351 wa Katanga. Walioishi chini ya kilomita 3 kutoka mgodi au kiwanda walikuwa na kobalti, kadmiamu, risasi na urani nyingi kuliko wa mbali, na kobalti ilifika kiwango ambacho hakikuwahi kuandikwa kwa raia wa kawaida popote. Mwaka 2020 utafiti mwingine wa Lubumbashi ulionyesha kwamba watoto waliozaliwa na kasoro za maumbile walikuwa mara nyingi zaidi na baba anayefanya kazi za migodi. Moshi na vumbi si jambo la kupuuzwa hata kidogo.

Ila tukitaja kansa, tuitaje kwa kiungo. Arseniki imethibitishwa kusababisha kansa ya pafu, ya kibofu na ya ngozi. Nikeli ya pafu na ya pua. Kadmiamu ya pafu. Kobalti imewekwa kundi la “pengine inasababisha” na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon. Hakuna hata moja iliyo kwenye orodha yao ya visababishi vilivyothibitishwa vya kansa ya ziwa. Kilichomo ni pombe, mionzi, na baadhi ya homoni, vikiwemo vidonge vya uzazi wa mpango, ambavyo, angalia jinsi mwili ulivyo na mambo, hupunguza kansa ya mfuko wa mayai.

Ugumu wa kuuchunguza moshi wetu uko kwenye saa. Kansa anayoiona daktari leo huenda ilianza miaka 20 iliyopita. Nikipima mkojo wako leo, kobalti itanisimulia siku chache zilizopita tu, kwa kuwa hutoka mwilini upesi. Kadmiamu ina kumbukumbu nzuri zaidi, hujificha kwenye figo kwa miaka makumi. Iliyobaki inabidi kuuliza watu, na watu hawakumbuki kwa usawa. Nikizunguka na daftari langu, mama aliyeugua hunieleza kila jiko la makala alilopulizia tangu utoto, na jirani yake mzima, aliyekulia uani huohuo, hunijibu “moshi? hapana” huku akigeuza bukari. Usipolijua hilo, moshi utaonekana na hatia hata pasipo hatia.

Ndiyo sababu wanawake wanne wa barabara yenu hawanipi jibu. Umeandika kansa nne, hukuandika kansa gani. Kama ni ziwa, mlango wa uzazi, ini na tumbo, hayo ni magonjwa manne yaliyokutana kwenye barabara moja. Na ningeweka dau kwamba mmoja wao angalau ni mlango wa uzazi, ambao mjadala wa damu na moshi haumhusu sana. Karibu kansa zote za mlango wa uzazi hutokana na kirusi, HPV, hasa aina ya 16 na 18 zinazobeba kama 70 kwa 100. Mwaka 2022 pekee iliua wanawake kama 350,000 duniani. Anayeishi na virusi vya UKIMWI yuko kwenye hatari mara sita zaidi, na tumbaku huiongeza. Mimi ni mtu wa jeni, na bado nasema: feza ya kwanza ya serikali iende kwenye chanjo na siki. Siki, naam, asidi hafifu kama ya jikoni, hupakwa kwenye mlango wa uzazi, na mahali palipoanza kuharibika pakageuka peupe mbele ya macho ya muuguzi. Hutibiwa mara nyingi siku hiyohiyo. Una miaka 34, kipimo hiki huanza 30. Umechelewa minne, nenda.

Feza ndani ya sidiria, mwambie dada yako, zinaweza kuleta vipele, kansa hapana. Kama anatafuta cha kuhofia, atazame dawa ya kunyoosha nywele: utafiti wa Marekani wa 2022 ulikuta wanaoitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka wana hatari ya kansa ya mfuko wa uzazi ya kama 4 kwa 100 hadi miaka 70, badala ya 1.6 kwa wasioitumia. Kuhusu bulozi nitasema neno moja. Ugonjwa unaofuata mstari wa damu hufanana sana na laana, na wazee wamefukuzwa nyumbani kwa sababu ya jeni ambayo hawakuwahi kuigusa.

Binti zako: jeni wasipimwe sasa. Hakuna la kuwafanyia kabla ya ukubwa, na uamuzi huo ni wao wakitimiza miaka 18. Chanjo ya HPV ndiyo ya umri wao, kati ya 9 na 14, na tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linasema dozi moja yaweza kutosha. Ulizia kwenye kituo cha afya.

Wewe mwenyewe usingoje karatasi ya maabara. Kanuni inayotumika ni kuanza uchunguzi wa maziwa miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu wa karibu aliugulia, na kwako hiyo ni 31 au chini yake, maana 41 ndio umri aliofia mama yako. Nenda kwa daktari, aguse, apige ekografia, na mjadiliane kuhusu picha. Ikithibitika unabeba BRCA1, ukishamaliza kuzaa mtazungumza juu ya kutoa mifuko ya mayai na mirija yake kati ya miaka 35 na 40; kwa BRCA2 kuna nafasi hadi 40 au 45. Mfuko wa mayai hauna kipimo cha kuaminika cha kuuwahi, ndiyo maana tunafika kwenye kisu.

Yote niliyoandika juu ya damu nimeyasimamisha kwenye neno moja la barua yako, na nimelisoma mara tatu bila kupata uhakika. Kabla hujafanya lolote, niandikie: yule mama mdogo wa Likasi na mama yako, ni baba moya, mama moya?